Mbili Maana Yake Achia

Siku yenyewe ilianza kwa maharage. Niliyaloweka usiku uliotangulia, na Jumamosi asubuhi nikayabandika jikoni na mfupa wa nguruwe ndani yake, kwa sababu mama mkwe wangu, Opal, hapendi maharage yanayogoma mdomoni. Ilikuwa wiki ya kuwinda kulungu. Wanaume wa bonde letu walikuwa wamepanda mlimani na bunduki zao, na tangu kulipokucha tulisikia milio, mmoja huku, mwingine kule, kama milango inayobamizwa mbali. Mume wangu Wendell hakwenda. Alikunywa kahawa amesimama dirishani, kisha akamwinamia binti yetu Cora, wa miezi kumi na moja, akamvika soksi nyingine juu ya zile alizovaa, maana sakafu ilikuwa ya baridi. Halafu akasema, bila kututazama, "Leo naingia gereji."

Opal aliacha kumenya viazi.

"Kufanya nini?"

"Jumatatu Royce angetimiza miaka thelathini na tatu, Mama. Nataka nilipeleke gari lake mpaka makaburini, liungurume, alisikie. Limebaki klachi tu."

"Klachi tu," Opal akarudia. Aliinuka, akaifungua redio ya jikoni, akaipandisha sauti kuliko tulivyozoea.

Royce alikuwa kaka yake mkubwa Wendell. Mimi sikukaa naye muda mrefu, ila sitamsahau. Mwaka nilioolewa nilikuwa napika chakula cha watoto wa shule, natoka nyumbani mapema, na kila asubuhi ya barafu nilikuta kioo cha gari langu kimeshakwanguliwa, safi, kinang'aa. Nilipomuuliza kama ni yeye, alicheka. "Barafu nayo siku nyingine ina huruma, shemeji." Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kama ndoano, kwa sababu ya mlango uliombana utotoni. Kila aliponipungia mkono, kidole kile kilionekana kama kinaita.

Gari lake lilikuwa la mwaka sitini na tisa, la kijani, milango miwili, injini ya silinda nane. Ni yale magari yenye kifua kipana ambayo wanaume wa huku huyapenda kuliko wanavyothubutu kukiri mbele ya wake zao. Royce alilikuta bandani kwa watu, limekaa miaka, akalifufua kipande kwa kipande. Kipande cha mwisho kilikuwa vyuma vinavyounganisha pedali na klachi.

Kazi hiyo inataka watu wawili. Pedali ikikanyagwa, inasukuma fimbo. Fimbo inageuza chuma kizito kilichokaa kati ya injini na chesisi, chenye mikono miwili iliyopinda, nao hukiita zedi kwa umbo lake. Zedi nayo inasukuma klachi. Mmoja lazima alale chini ya gari afunge na kupima. Mwingine akae kitini, akanyage akiambiwa. Wale ndugu wawili walikuwa hawasikiani kwa kelele za redio na feni ya jiko la kuni, kwa hiyo walijitungia lugha yao. Aliye chini anagonga chesisi kwa spana. Moja maana yake kanyaga. Mbili maana yake achia. Tatu hawakuitumia kabisa, kwa sababu huku kwetu mlango ukigongwa mara tatu na nje hakuna mtu, mnaanza kuhesabu nani hayupo.

Siku Royce alipokufa, miaka miwili iliyopita, Wendell hakuwepo. Alikuwa ameenda mjini kutafuta bushi za zedi, zile pete ambazo inazungukia. Royce hakumsubiri. Walimkuta chini ya gari, mkono wake wa kushoto umebanwa kati ya zedi na chesisi, umekatika mshipa, spana iko mkono wa kulia. Gari halikuwa limeanguka. Stendi zote nne zilizolibeba zilisimama imara. Mkuu wa polisi alisema ni springi ya pedali, kwamba ina nguvu, kwamba ilimrukia. Opal alikuwa jikoni muda wote. Alisikia kugongwa, akadhani watoto wake wako kazini pamoja. Hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo.

Pedali waliikuta imelala kabisa sakafuni.

Basi siku hiyo nikamwacha Cora kwenye busati karibu na jiko, kwa bibi yake aliyekuwa anamenya viazi vya jioni, nikaenda gereji kumsaidia mume wangu. Ilikuwa saa nane mchana. Jua la Novemba liliingia kwa dirisha la upande, jembamba lakini safi, na niliona kila kitu: makopo, minyororo, kofia ya Royce bado iko msumarini. Sikuogopa. Nitaogopaje mchana, na mume wangu yupo? Wendell alivua koti lake la kuwindia akalitandika kwenye kiti cha dereva, kwa kuwa kiti kilichanika na springi zilichomoza.

"Zisikuchome," akasema.

"Na wewe utavaa nini?"

"Mimi nitavaa grisi."

Akajilaza juu ya boksi lililokunjuliwa, akajisukuma chini ya gari na taa ya waya mkononi. Viatu vyake tu ndivyo vilibaki nje.

"Twila, mguu wako una nguvu au nimwite Mama?"

"Mguu uliopanda ngazi na mimba ya mwanao unaogopa pedali? Gonga huko."

Akagonga. Ko. Nikakanyaga. Ko ko. Nikaachia.

"Mbona unachelewa? Umesinzia?"

"Nasali upone huo mdomo."

Akacheka huko chini, na kicheko chake kilinifurahisha, maana katika gereji ile sikutarajia kukisikia tena. Tulifanya kazi karibu saa nzima. Alipachika zedi, akaweka bushi, akapaka grisi, akatia pini. Kila mara alinieleza, ingawa sikuelewa nusu. Pedali inatakiwa icheze inchi moja bure kabla klachi haijashika. Isipocheza, klachi inaungua. Ikicheza sana, gia hazikubali. Springi ya pedali angeifunga mwishoni. Ilikuwa juu ya meza, ndani ya kopo la kahawa, nilikuwa naiona.

"Sasa sikiliza," akasema. "Nati ya kurekebishia iko nyuma ya zedi. Naingiza mkono pale pabaya. Usikanyage mpaka nikugongee. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikaondoa miguu yote miwili kwenye pedali. Nikaiweka chini, mbali. Mikono nikaishikisha usukani. Mlimani bunduki ililia, halafu kimya. Redio ya jikoni ilisikika kwa mbali.

"Aa, hapo," Wendell akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetulia. "Shikilia taa hapo hapo. Ahsante, mke wangu."

Nilidhani sikusikia sawasawa.

"Isogeze kushoto kidogo. Eeh. Basi, hapo hapo."

Karibu na goti langu kulikuwa na tundu sakafuni, mahali pa kupitisha mkono wa gia, bado halijafunikwa. Nilijikunja pole pole, nikachungulia. Niliuona uso wa Wendell, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama anavyofanya akifikiri. Niliiona mikono yake. Wa kushoto uliingia mpaka kiwikoni kati ya zedi na chesisi. Wa kulia ulishika spana, na spana ilikuwa kwenye nati. Hiyo ni miwili.

Taa ya waya haikuwa chini, wala haikuning'inia. Ilikuwa imeshikwa hewani, imetulia, inammulikia. Mpini wake ulikuwa ndani ya ngumi. Kidole kidogo cha ngumi ile kilikuwa kimepinda kama ndoano.

Nilirudi kukaa wima. Sijui kwa nini sikupiga kelele. Nadhani ni kwa vile alikuwa anaishika vizuri. Alikuwa anaikinga kwa kiganja ili mwanga usimpige ndugu yake machoni.

"Wendell," nikanong'ona. "Toka."

"Nini?"

"Toka huko chini. Taratibu. Tafadhali."

"Bado mizunguko mitatu. Mbona unanong'ona?"

Ko ko.

Mlio ule ulipita kwenye chuma cha kiti ukaingia mgongoni mwangu.

"Umegonga?" nikamuuliza.

"Nigonge na nini? Spana iko kwenye nati."

Ko ko.

"Twila, acha mchezo."

Mbili. Achia. Lakini mimi sikuwa nimekanyaga kitu. Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa mbali, imebanana kama miguu ya mtoto kanisani. Kisha nikatazama pedali.

Ilikuwa inashuka.

Ilishuka taratibu, kama mtu anayepima joto la maji kwa ncha ya kidole. Upana wa nywele tatu. Ikatulia. Nywele nyingine tatu. Hakukuwa na kitu juu yake. Niliona mpira wake mweusi, mistari yake, vumbi lake. Na mpira ule ulikuwa umebonyea katikati.

Ko ko! Ko ko!

"Twila, achia! Mkono wangu uko ndani!"

"Sijakanyaga!"

"Achia, nasema!"

Niliingiza ncha ya kiatu changu chini ya pedali, nikaivuta juu. Nikainama nikaishika kwa mikono yote miwili. Ilikuwa nzito. Si uzito wa chuma. Chuma kizito kimetulia. Hiki kilisukuma, kikasikiliza, kikasukuma tena. Kilijua nimechoka wapi.

Halafu kiti kikalia. Zile springi zilizochomoza zililia zote kwa pamoja, chini yangu na nyuma yangu, kama zinavyolia mtu wa pili anapokaa. Koti la Wendell lilikuwa la baridi muda wote. Sasa mgongoni likawa na joto.

Ko ko! Ko ko! Ko ko!

Wendell alianza kupiga ukelele. Haukuwa wa maneno. Nilivuta. Kucha zangu zilikatika. Nilimfikiria Cora na soksi zake nne. Nikafikiria, nikichoka, huyu mtoto hana baba.

Mlango wa gereji ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa Opal. Amevaa aproni, hana koti, mkono mmoja bado una ganda la kiazi. Huyu ni mama mfupi, ana maumivu ya nyonga, ngazi mbili tu humpumzisha. Alipiga magoti kwenye saruji, akaishika miguu ya mwanawe kwa viatu.

Kabla hajavuta, aliinua uso akatazama ndani ya gari kupitia kioo cha mbele. Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu.

"Mwachie," akasema. Alisema kwa sauti ya chini sana. "Mmoja ulishamchukua. Mwachie huyu."

Akavuta. Wakati ule ule nikasikia, huko chini, Wendell akisema "Ah!" kama mtu aliyekamatwa na mtu mwingine, na mwili wake wote ukatoka kwa mara moja, ukateleza juu ya boksi mpaka ukamwangusha mama yake.

Pedali iliniponyoka. Ikagonga sakafu. Zedi ikapiga chesisi kwa mlio uliotikisa vioo vya dirisha.

Kisha taa ya waya, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameishika, ikashuka kidogo kidogo mpaka chini. Haikuanguka. Iliwekwa, kama unavyoweka kikombe kando ya mgonjwa aliyelala.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye kiti kile. Nakumbuka tu tulikuwa jikoni, redio imezimwa, maharage yanaungua, na hakuna aliyeyaepua. Cora alikuwa anatambaa kati ya miguu yetu. Mkono wa Wendell ulichubuka lakini haukuvunjika. Hakutaka nimguse. Alikaa upande wa pili wa meza, akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwa mume wangu.

"Ulikanyaga," akasema.

"Sikukanyaga, Wendell. Haki ya mtoto huyu."

"Basi ni springi."

"Springi iko kwenye kopo la kahawa. Juu ya meza ya gereji. Hukuifunga."

Akakunja mkono wa shati lake. Chini ya kiwiko, chini ya grisi, kulikuwa na alama nyekundu za vidole vilivyomshika na kumvuta chini, nje ya vile vyuma. Vitatu vilikuwa vimenyooka. Kimoja, cha mwisho, kilikuwa kimepinda. Aliniangalia tena, na jicho lile likaondoka. Akainuka, akazunguka meza, akavishika vidole vyangu vyenye kucha zilizokatika akavifunga kitambaa kimoja kimoja, bila kusema samahani, ila mikono yake ilisema.

"Ni Royce, Mama," akamwambia Opal. "Kaniokoa."

"Najua," Opal akajibu.

Alikuwa amekaa karibu na sinki, ganda la kiazi bado liko kiganjani. Alilitazama.

"Siku ile sikuwaambia yote. Niliona aibu. Nilisema nilisikia kugongwa. Hamkuniuliza nilisikia ngapi."

Akalitupa ganda kwenye sinki.

"Mbili," akasema. "Hapakuwa na moja hata mara moja. Mbili. Halafu mbili. Halafu mbili, mbili, mbili, haraka haraka. Nami nikacheka hapa hapa kwenye sinki. Nikasema peke yangu, leo Wendell ana mguu mzito, kaka yake anamwambia aachie, yeye haachii." Akafuta uso kwa aproni. "Niliosha sahani saba. Nilikuwa nacheka."

Wendell akasema, polepole, "Lakini mimi nilikuwa mjini."

"Ndiyo, mwanangu. Ulikuwa mjini."

"Basi alikuwa anamwambia nani?"

Opal alimwinua Cora kutoka sakafuni, akamkalisha mapajani, akamzungushia mikono yote miwili.

Nilimuuliza alichokiona juu ya bega langu. Nimemuuliza mara tatu tangu siku hiyo. Mara zote tatu ananisukumia sahani ya chakula na kuniambia nile, nimekonda.

Jumapili, baada ya kanisa, jua likiwa juu kabisa, Wendell alichukua mnyororo na kufuli aende kuifunga gereji. Nilikwenda naye, maana sikutaka aende peke yake, na yeye hakutaka nibaki peke yangu. Alinitaka nilichukue koti lake kitini. Sikuweza. Akaenda mwenyewe, akafungua mlango wa dereva, na nikaona mgongo wake umesimama.

"Twila," akasema. "Hebu njoo."

Sakafu ya gari lile haikuwa na zulia. Ilikuwa bati tupu lenye vumbi la kutu la miaka miwili, laini kama unga. Alama za viatu vyangu zilikuwa pale: cha kulia kimekaza, cha kushoto kimeburuzwa kuelekea pedali. Hizo nilizitambua.

Chini ya pedali ya klachi kulikuwa na alama nyingine. Ya kisigino kitupu, cha mguu wa kushoto, kikubwa kuliko cha Wendell. Kilikuwa kimechimba vumbi mpaka batini, kimezunguka mahali pamoja, kama kisigino cha mtu anayekanyaga. Hakikutoka mlangoni wala hakikurudi mlangoni. Kilianzia hapo kitini, nyuma kidogo ya alama yangu, kimepita kwa nje kukizunguka kiatu changu, jinsi mguu wangu unavyomzunguka Cora ninapomlisha.

Nilikitazama mpaka nikaelewa mtu huyo alikuwa amekaaje.

Alikuwa amenipakata.